Mhadhiri wa Msitu Haajiriwi kwa Muhula

Ukisoma tangazo moja la kazi ya uhadhiri katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya, umesoma yote. Mwombaji awe na shahada ya uzamifu katika fani inayohusika, awe na makala katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, awe amefundisha kwa miaka kadhaa. Kisha inafuata ile orodha ya makaratasi ambayo kila mtafuta kazi anaijua kwa moyo: cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, cheti cha Mamlaka ya Ushuru, barua ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kibali cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na wakati mwingine hata taarifa ya zile kampuni zinazoorodhesha wadaiwa wa benki. Kamati ya kuajiri inapoketi, inajua kwa hakika kama mtu huyu amelipa ushuru na mikopo yake. Lakini ikiwa anaajiriwa kufundisha ikolojia, kamati hiyohiyo inaweza kumaliza kikao bila kujua iwapo anaweza kuingia msituni saa kumi na mbili asubuhi, akatambua anachokiona, akarudi mwaka ujao mahali palepale, na akarudi tena miaka kumi baadaye kutazama kilichobadilika.

Huko kurudi ndiko ninakotaka tukuzungumzie leo. Taaluma mbili za biolojia, yaani ikolojia, inayochunguza jinsi viumbe wanavyoishi pamoja na mazingira yao, na mageuko, inayochunguza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, zinategemea muda kuliko zinavyotegemea mitambo. Nasema basi kwamba chuo kikuu kilichojengwa karibu na msitu kama wa Kakamega kinapomtafuta mhadhiri wa taaluma hizi, kitu cha kwanza kinachonunua kwa mshahara ule ni miaka ya mtu huyo mahali hapa. Makala na vyeti vina uzito wake, lakini vinakuja nyuma ya hilo. Na namna tunavyoajiri sasa inatupa kinyume chake.

Tuanze na mahali penyewe. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilianza mwaka 1972 kama chuo cha harambee kilichojulikana kwa jina la WECO, jina ambalo wazee wa Magharibi hawajaliacha. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe. Ukitoka mjini Kakamega ukashika barabara ya Webuye unafika Buyangu, upande wa msitu unaolindwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ukipitia Shinyalu unafika Isecheno, upande wa Huduma za Misitu. Msitu huu ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu ya mvua iliyowahi kutanda kutoka Kongo kupitia Uganda. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, wakati watafuta dhahabu walikuwa wamefurika wilaya hii. Eneo lililotangazwa ni kama kilomita za mraba 240, ila msitu wa asili uliobaki humo ni karibu nusu tu. Kandokando yake wamebanana wakulima wa mojawapo ya kaunti zenye watu wengi zaidi nchini, watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2019. Profesa wa Ulaya angelazimika kuomba ufadhili wa miaka mitatu na kibali cha kuingia nchini ili afike hapa. Mhadhiri wa Kakamega anahitaji nauli ya matatu.

Sasa tazama kile ambacho muda umefanya pale Isecheno. Tangu mwaka 1979, Marina Cords, ambaye ni profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, amekuwa akiwachunguza kima wa msitu huu. Kima jike huanza kuzaa akiwa na umri wa karibu miaka 7, anaweza kuishi zaidi ya miaka 25, na hukaa katika kundi alikozaliwa maisha yake yote, ilhali dume huondoka akikomaa. Fikiria basi mtu anayetaka kujua kwa nini jike fulani alilea watoto wengi kuliko dada yake, au urafiki wa majike una faida gani wakati wa njaa. Katika mradi wa miaka mitatu hatamwona hata mtoto mmoja aliyezaliwa mbele yake akizaa. Swali lenyewe la mageuko, yaani nani ameacha wazao wengi zaidi na kwa sababu gani, haliwezi hata kuulizwa mpaka vizazi viwili au vitatu vimepita huku kila mnyama akitambuliwa kwa uso wake na kuandikwa daftarini. Elimu hiyo imepatikana kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake ya kudumu, ijapokuwa iko New York, ilimruhusu kurudi kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mfano wa pili ni mdogo lakini una mafunzo zaidi kwa mkulima. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti kuhusu mipera iliyoota katika mashamba yanayozunguka msitu wa Kakamega. Mpera, kama tunavyojua, ni mti wa kigeni, na wahifadhi wengi huutazama kwa jicho la shaka. Watafiti walikwenda wakachutama chini ya mipera na kuhesabu miche. Walikuta miche ya miti ya msituni imeota pale kwenye kivuli, katikati ya mashamba ya watu. Ndege hufuata mapera, hutua, hula, huacha mbegu walizobeba kutoka msituni, na mpera unageuka kitalu bila mtu yeyote kukusudia. Habari hiyo ingeweza kubadilisha ushauri anaopewa mwenye ekari moja kule Lurambi kuhusu mti gani aukate na upi auache. Lakini utafiti huo ulifanywa chini ya mpango mkubwa wa Wajerumani ulioitwa BIOTA, ulioanza 2001 na kufika kikomo 2010. Mradi hufika kikomo, hiyo ndiyo desturi ya miradi. Miche ile chini ya mipera ingehitaji kutazamwa tena baada ya miaka kumi, na tena baada ya ishirini, kuona ni ipi iliyogeuka miti na ni ipi iliyoliwa na mbuzi. Kazi hiyo haitafutiwi mfadhili. Inatafutiwa mwajiriwa.

Na hapa ndipo utaratibu wetu unapokwenda kombo. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 uliweka uzamifu kuwa sharti la mhadhiri, na ukaweka alama za machapisho ambazo mtu anapaswa kuzikusanya ili apande ngazi hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Nia yake ilikuwa njema, maana kabla ya hapo kila chuo kilipandisha watu kwa kipimo chake. Lakini alama hizo hazitofautishi makala iliyotokana na vipimo vya miezi minne na ile iliyotokana na miaka kumi na minne. Mhadhiri mwenye akili timamu, mwenye karo za watoto na mkopo wa sako, atachagua ile ya miezi minne. Atapima maji ya mto Isiukhu mara tatu, aandike, apate alama, ahamie kwingine. Simlaumu hata kidogo. Anafanya kile tulichomwajiri afanye.

Hata hivyo huyo ana bahati, kwa kuwa ameajiriwa. Masomo mengi katika vyuo vyetu vya umma yanabebwa na wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kozi waliyofundisha, na malipo yenyewe yanaweza kuchelewa hadi muhula mwingine uishe. Mhadhiri wa muda anaweza kufundisha ikolojia vizuri darasani. Kile asichoweza ni kuweka alama kwenye miti mia tano na kuahidi kuirudia. Hana ofisi, hana maabara, hawezi kuandikishwa kama mtafiti mkuu wa mradi, na mwanafunzi wa uzamili hawezi kumtegemea kwa miaka mitatu. Walioajiriwa kwa kudumu nao wamekuwa vitani: mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Kwa mwalimu wa hesabu, siku 49 ni mihadhara ya kufidia. Kwa mtu anayerekodi ni lini miti inachanua na ni lini inazaa, ni msimu ambao hautajirudia.

Kuna atakayeniambia kwamba ninafungua mlango wa hatari. Ukianza kusema mwajiriwa awe mtu wa mahali hapa, mtu wa kukaa, kesho utasikia kwamba kazi ni ya mtoto wa nyumbani. Pingamizi hili ni zito, na historia inalipa nguvu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilibidi itamke wazi kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na ukaguzi wa vyuo vikuu uliofuata ulionyesha jinsi vyuo vingi vilivyoegemea jamii za maeneo yalipo. Wala si jambo la juzi. Mwaka 1966 Wangari Maathai alirejea kutoka Marekani akiwa na shahada mbili za biolojia na barua ya kazi katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki. Alipofika aliambiwa nafasi ile imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kilichomkosesha ni kabila lake na jinsia yake. Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyemchukua katika idara mpya ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata uzamifu. Nchi ilimpata mwanamazingira wake mashuhuri kuliko wote kupitia mlango wa nyuma wa idara isiyokuwa yake.

Lakini tusome kisa hicho vizuri. Wangari hakunyimwa kazi kwa sababu kipimo kilikuwa kipana mno. Alinyimwa kwa sababu hapakuwa na kipimo chochote kilichofanywa mbele ya macho ya watu: nafasi ilitolewa, ikahamishwa, basi. Upendeleo unapenda chumba kilichofungwa na mahojiano ya dakika ishirini. Kipimo cha uwanjani kinaubana. Wapeleke waombaji wote watano waliofika hatua ya mwisho pale Buyangu, asubuhi moja, kila mmoja na wanafunzi kumi wa mwaka wa pili, njia ileile na saa mbili zilezile. Amwonyeshe mwanafunzi jinsi ya kupima kipande cha mita ishirini kwa ishirini, amweleze kwa nini mti huu umeota hapa na haukuota pale, kisha aseme mbele ya jopo angependa kujua nini kuhusu kipande hicho baada ya miaka ishirini na ataanzaje mwezi wa kwanza. Alama ziandikwe papo hapo na zihifadhiwe. Mtu wa Lamu, wa Marsabit au wa Kampala anaweza kumshinda mzaliwa wa Shinyalu katika mtihani huo, na akishinda, karibu. Ninachodai ni nia na uwezo wa kukaa. Alikozaliwa mtu si swali la kamati.

Pingamizi la pili huja kwa sauti ya upole zaidi: kwa nini tugharamie haya ilhali wageni wanayafanya, tena kwa pesa zao? Data ni data. Jibu langu si la uzalendo wa kupiga kifua. Wageni wamefanya kazi nzuri, na sheria zetu tayari zinawataka wapate leseni ya utafiti na washirikiane na taasisi ya hapa nchini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami sina ugomvi na mgeni aliyeshika jembe kwa miaka arobaini. Tatizo ni kwamba anayelipa ndiye anayeuliza swali. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyesomea uzamifu Cambridge na kurudi kufundisha Nairobi, alilijua hilo mapema, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha icipe ili maswali kuhusu wadudu wa tropiki yaulizwe na kujibiwa katika tropiki. Mwaka 1983 kituo hicho kikaanza mpango wa kuwafunza Waafrika hadi uzamifu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya bara hili. Matunda yake yako mashambani. Kilimo cha vuta-sukuma, ambacho wakulima wengi wa Magharibi wanakijua, kilianzia katika utafiti wa icipe na washirika wake miaka ya tisini: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi huwafukuza nondo wa viwavi wa mabua kwa harufu yake, mabingobingo kando ya shamba huwavuta, na mizizi ya desmodiamu huikandamiza kayongo, gugu linalonyonya mahindi. Kwamba desmodiamu inaiweza kayongo lilikuwa jambo lisilotarajiwa, lililogunduliwa na watu waliokuwa shambani wakitafuta dawa ya viwavi. Huwezi kuliandika jambo kama hilo katika ombi la ufadhili, kwa sababu hujui kwamba lipo.

Wapo pia wanaoona kwamba ikolojia ina manufaa, ila hili la mageuko tuliache, maana Kakamega ni kaunti ya makanisa na vijana wenyewe wanataka uuguzi na kompyuta. Ninaliheshimu kanisa, na sidhani kazi ya mhadhiri ni kubishana na mchungaji. Ila mageuko ni mada katika silabasi ya biolojia ya kidato cha nne, kwa hiyo kila mwalimu wa biolojia anayetoka chuoni atasimama kuifundisha, aipende asiipende. Swali ni kama ataifundisha kwa mifano ya ndege wa visiwa vya mbali au kwa damu ya watu wa hapa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akipima damu na kugundua kwamba chembe za selimundu zilikuwa nyingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini chache nyanda za juu zisizo na malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Huo ni mojawapo ya mifano inayotajwa zaidi duniani ya uteuzi wa asili kwa binadamu, na familia nyingi za Magharibi zinauishi kila siku katika kliniki za watoto. Huyo kijana anayetaka uuguzi ndiye atakayeuhitaji. Ndiye pia atakayehitaji kuelewa kwa nini Kenya iliiacha klorokwini mwaka 1998, kisha ikaiacha dawa iliyoirithi mwaka 2004: vimelea vya malaria vilibadilika, vile vilivyostahimili dawa vikabaki na kuzaana. Mwalimu anayeogopa kulitaja neno mageuko hawezi kumweleza muuguzi kwa nini mgonjwa amalize dozi.

Linabaki suala la pesa, na sitajifanya kwamba ni dogo. Chuo kinachodaiwa hakiwezi kuongeza nafasi za kudumu kumi kwa mpigo. Lakini ikolojia si fizikia ya nyuklia. Nafasi mbili za kudumu, moja ya miti na moja ya wanyama, zenye vipande vya kudumu vya kupimia vilivyokubaliwa kwa maandishi na wasimamizi wa msitu huko Buyangu na Isecheno, zinagharimu chini ya maabara moja ya kisasa ambayo mashine yake itaharibika na kukosa fundi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo inaweza kuamua, bila senti moja ya ziada, kwamba kumbukumbu ya vipimo vya miaka mitano mfululizo, iliyohifadhiwa na kufunguliwa kwa watafiti wengine, ihesabiwe alama kama makala. Na kazi ipo ya kutosha. Mvutano wa kuuzungushia msitu ua wa umeme, mvutano wa uchimbaji wa dhahabu kule Ikolomani, yote haya yanahitaji tathmini ya mazingira, na tathmini isiyo na vipimo vya awali ni maoni ya mtu aliyefika na daftari jeupe wiki iliyotangulia.

Kama nafasi ya tatu itapatikana, ningeshauri isipewe mwenye uzamifu. Utafiti mrefu wa msitu huu umebebwa na wasaidizi kutoka vijiji vya kando yake, watu wanaomtambua ndege kwa sauti kabla hajaonekana, wanaojua kima yupi ni mama wa yupi, na wanaoijua miti kwa majina ya Kiluhya na ya Kilatini pia. Mradi ukiisha, wengi wao hurudi shambani au kuongoza watalii. Katika muundo wa utumishi wa vyuo vyetu, mtu kama huyo, asiye na diploma, anaingia kwa daraja la kibarua, sawa na anayefyeka nyasi. Mhadhiri bora utakayemleta kutoka popote atahitaji mwaka mzima kujifunza anachokijua mtu huyu tayari. Chuo kinachoweza kubuni cheo cha fundi wa maabara kinaweza kubuni cha fundi wa msitu, na kuandika mshahara wake katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha.